Kwenda Komoro kwa bahari: omba pasipoti nyumbani, chombo utafute Dar

Nahodha niliyemfuata bandarini Dar es Salaam hakuniuliza nina shilingi ngapi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akauliza: "Makaratasi yako yako tayari, mwanangu? Mimi nikiruhusiwa kuondoka, naondoka." Sikuwa nayo. Nilikuwa nimeshuka na treni ya TAZARA kutoka Mbeya, nikidhani pasipoti nitaishughulikia hukuhuku huku natafuta chombo. Chombo kikang'oa nanga, nikabaki gesti Buguruni nikila akiba. Nauli ya msafiri wa hali ya chini haimmalizi. Zinazommaliza ni siku za kungoja. Ndiyo maana nakuomba uanze na makaratasi ukiwa bado kwenu, ambako unalala bure.

Maombi ya pasipoti hufanyika kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji. Pasipoti inayotolewa sasa ni ya kielektroniki, iliyoanza Januari 2018, na inadumu miaka 10. Unajaza fomu, mfumo unakupa namba ya malipo (ile ambayo kila mtu anaiita kontroo namba), unalipa kwa simu au benki, kisha unachapa fomu na kuipeleka ofisi ya Uhamiaji ya mkoa wako pamoja na viambatisho. Ada ya pasipoti ya kawaida ni Sh 150,000 kwa jumla: 20,000 unapoanza na fomu, 130,000 zinazobaki baadaye. Lipa kwa namba hiyo tu. Atakayekuambia umpe mkononi akakuharakishie, muage kwa adabu uondoke.

Viambatisho ni kitambulisho cha NIDA, cheti chako cha kuzaliwa, cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo chake, picha, na ushahidi wa safari. Wengi hukwama kwenye majina. NIDA inasema Juma Hamisi Salum, cheti cha RITA kinasema Jumaa Khamis, cheti cha shule kina jina la tatu la babu ambaye hayupo kwingine. Kwako wewe ni mtu mmoja, lakini kwa ofisa aliye mbele ya mafaili hao ni watu watatu. Kabla hujalipa chochote, tandaza karatasi zako zote mezani usome herufi kwa herufi. Tofauti ndogo wakili anaweza kukuandikia kiapo. Jina likibadilika lenyewe, utahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Kama mzazi amefariki na hakuwahi kuwa na cheti, ndugu yake wa damu anayejua habari zenu ndiye wa kumwendea kwa kiapo. Mambo haya yanamalizika kwa urahisi kijijini kwenu, ambako shangazi yupo. Dar utapiga simu na kutuma fedha mpaka uchoke.

Ushahidi wa safari nao una maana yake. Kama unamfuata ndugu aliyeko Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, akuandikie barua ya mwaliko na kuambatisha nakala ya kitambulisho chake. Kama ni biashara, beba leseni na namba ya mlipakodi. Viza ulizia ubalozi wa Komoro, uko Dar es Salaam. Kadi ya njano ya homa ya manjano ichukue mapema, kwa sababu cheti huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano. Ukishachanjwa, inatosha maisha yote.

Pasipoti ikiwa mkononi, sasa safiri. Kutoka Mbeya, TAZARA daraja la tatu ni nafuu, ila usiiwekee ahadi ya saa. Kutoka Dodoma au Morogoro kuna treni ya SGR tangu 2024. Ukija na basi utashukia stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, mbali na bandari. Usichukue teksi, panda daladala au mwendokasi kuelekea mjini. Tafuta gesti Buguruni au Magomeni, si karibu na geti la bandari. Chakula cha mama lishe pale Feri kinashibisha, na kuvuka kwenda Kigamboni kwa miguu ni Sh 200, kama una ndugu wa kukulaza ng'ambo.

Kutafuta chombo ni kazi ya asubuhi. Nenda kwenye ofisi za mawakala wa meli na kwenye gati la majahazi, ueleze wazi unakokwenda. Ukipata chombo, usianze na nauli. Uliza kama kina cheti cha TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa meli, cha kubeba abiria, na si mizigo tu. Kwa sheria za kimataifa, meli ikishabeba abiria zaidi ya 12 inahesabiwa kuwa ya abiria, na masharti yake yanakuwa mazito zaidi. Uliza jaketi za kuokolea ziko wapi, na utake kuziona. Hakikisha jina lako linaandikwa kwenye orodha ya abiria, kama lilivyo kwenye pasipoti. Orodha hiyo ndiyo inayowaambia waokoaji wanamtafuta nani. MV Skagit ilizama Julai 2012 ikitoka hapahapa Dar kwenda Unguja, safari ambayo watu huiona kama ya kuvuka barabara. Komoro ni mbali zaidi sana.

Msimu nao uutazame. Kaskazi huvuma tangu mwisho wa mwaka hadi Machi hivi, na kwa anayeshuka kusini ni upepo wa kumsukuma. Kusi, hasa Juni na Julai, huchafua bahari. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya mawimbi, na nahodha akasema ataahirisha, mshukuru. Akisema ataondoka hivyohivyo, chukua begi lako ushuke.

Siku ya kuondoka, pita Uhamiaji pale bandarini ugongewe muhuri wa kutoka. Kuna watakaokwambia mashua itawachukua ufukweni usiku, bila muhuri, bila orodha, kwa nauli nusu. Kijana niliyelala naye chumba kimoja alikubali. Alirudi baada ya wiki mbili akiwa hana begi wala fedha, na hakutaka kusimulia walichokiona majini. Nilimpa nauli ya kurudi kwao, na mpaka leo nikimkumbuka roho inaniuma.

Pasipoti ibebe kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, ndani ya nguo, na si kwenye begi linaloshushwa chini na mizigo. Nakala yake muachie mtu wa nyumbani, pamoja na jina la chombo, jina la nahodha na siku mliyoondoka. Ukifika Moroni, dirisha la Uhamiaji kwanza, ndugu na chakula baadaye; kisha mpigie yule uliyemwachia nakala, umwambie umefika.