Mwenye nyumba akikataa kutengeneza: jinsi ya kumfikisha barazani Tanzania

Paa la nyumba niliyopanga lilivuja masika yote, na mwenye nyumba akashikilia kwamba anayelala humo ndiye wa kulitengeneza. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haisemi hivyo. Nyumba ya kuishi inatakiwa ikalike muda wote wa upangaji, na ukiwa umepanga sehemu tu ya jengo, paa, kuta za nje na mifereji mikuu ya maji machafu ni juu ya mwenye nyumba. Pamoja na hayo soma mkataba wako, na ulichovunja mwenyewe kitengeneze.

Usiache kulipa kodi. Mtaani utashauriwa uigomee, lakini ukishadaiwa, shauri zima linageuka kuwa la deni na habari ya bati inaishia hapo. Wala usimlete fundi kisha ukakata fedha zake kwenye kodi bila idhini ya maandishi.

Anza na barua. Wangu alipoulizwa alisema hajawahi kuambiwa lolote, na barua ndiyo iliyomjibu. Iwe fupi: tarehe, ubovu wenyewe (“dari la chumba cha pili limelowa, maji yanashuka hadi kwenye swichi ya taa”), ulianza lini, na siku unazompa. Toa nakala mbili. Yako aiandike “nimepokea”, jina, sahihi na tarehe. Akikataa kusaini, mpelekee tena ukiwa na mjumbe wa mtaa, naye asaini kama shahidi. Piga picha, na fundi akuandikie makadirio yenye jina lake na namba ya simu.

Kisha nenda baraza la kata, na hapa ndipo muda wangu mwingi ulipopotelea. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2021, baraza la kata halitoi hukumu, linasuluhisha tu. Hata hivyo huwezi kuliruka, kwa sababu Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya linataka hati ya kata inayothibitisha kuwa usuluhishi umeshindikana. Mwenye nyumba hakutokea, kikao kikaahirishwa, kikaahirishwa tena, na kila nikiulizia hati naambiwa nisubiri. Hakuna aliyenieleza kwamba sheria imeweka ukomo wa siku 30: zikipita bila suluhu, unaruhusiwa kufungua shauri wilayani hata bila hati. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa usiondoke kabla nakala yako ya lalamiko haijagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, maana bila huo huna cha kuonyesha kwamba siku hizo zimepita. Inaniuma kwamba kuna familia zinazolala chini ya dari bovu miezi na miezi zikingoja karatasi ambayo sheria imeshaziruhusu kuendelea bila hiyo.

Wilayani wewe ni mleta maombi, yeye ni mjibu maombi. Ambatanisha mkataba, risiti za kodi, barua iliyosainiwa, picha, makadirio na hati ya kata, au lile lalamiko lenye muhuri. Ada ilipe kwa namba ya malipo ya serikali na utunze risiti. Usimkabidhi mtu fedha mkononi.

Kwenye maombi yako, sehemu ya nafuu unazoomba, yaani unachotaka baraza liamuru, ijaze kwa makini kuliko zote. “Naomba haki itendeke” haimwambii mwenyekiti wa baraza aamuru nini. Omba mwenye nyumba aamriwe kutengeneza paa ndani ya muda unaoutaja. Akishindwa, uruhusiwe kulitengeneza na gharama ikatwe kwenye kodi. Akulipe fidia ya godoro na vitu vilivyoharibika, kila kimoja na thamani yake. Na alipe gharama za shauri.

Mwenyekiti husikiliza pamoja na wazee wa baraza wasiopungua wawili, kwa Kiswahili, na wakili si lazima. Uamuzi ukitoka, omba nakala mara moja. Asiyeridhika ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Mwenye nyumba akikaa kimya na paa likaendelea kuvuja, rudi baraza hilohilo na maombi ya kukaza hukumu, yaani kutaka alazimishwe kutekeleza uamuzi.