Agizo Lirudiwe Kabla ya Kazi Kuanza: Mawasiliano kwenye Timu Ndogo

Mwongozo huu ni wa biashara yenye watu watano hadi kumi na tano. Mifano ni ya mashine ya kukoboa mpunga jijini Mbeya, lakini duka la pembejeo Makambako au karakana ya Iringa itaufuata vilevile.

Ugonjwa mkubwa wa timu hizi ni "sawa, bosi". Kijana aliyelelewa kuheshimu wakubwa hawezi kumwambia tajiri "sijaelewa" mbele za watu. Anaitikia, kisha anakwenda kubahatisha.

Hatua ya 1: Daftari la wiki moja

Weka daftari kaunta. Kila mzigo unapokosewa, andika agizo lilisemwaje na lilifanyikaje. Usiandike jina la mtu, maana ukianza kutaja majina, makosa yatafichwa. Jumamosi yapange: kipimo, muda, au haikujulikana nani afanye. Mengi yataangukia humo.

Hatua ya 2: Vipimo na saa

Gunia la mkulima wa Mbarali anayeleta mpunga si gunia la mteja anayenunua mchele. Debe nalo hupima ujazo, si uzito. Ndani ya timu tajeni kilo na idadi ya mifuko, basi. Kwa muda, semeni "saa tisa alasiri", kwa sababu simu inaandika 15:00 na kuna atakayesoma haraka akadhani ni saa tano. "Baadaye" na "jioni jioni" si muda.

Hatua ya 3: Kurudia agizo

Hapa ndipo penye kazi. Agizo liwe na mambo matano: nini, kiasi gani, lini, nani afanye, mzigo unakwenda wapi. Aliyepokea alirudie kwa maneno yake kabla hajaondoka:

– Mzigo wa Dar: mifuko 40 ya kilo 25, super, bila chenga. Iwe imeshonwa kabla ya saa nane mchana. Wewe ndiye utakayesimamia.

– Mzigo wa Dar, mifuko 40 ya kilo 25, super bila chenga, iwe imeshonwa kabla ya saa nane, nasimamia mimi. Ila bosi, mifuko mitupu ya 25 imebaki 32.

Hilo la mifuko minane inayopungua lisingetoka kwenye "sawa". Mngeligundua saa saba na nusu, lori likisubiri. Kosa la daraja la mchele ni baya zaidi: likigundulika gari limeshapita Makambako, limekuwa hasara.

Usiulize "umeelewa?", kwa sababu jibu lake ni "ndiyo" siku zote. Sema, "Hebu nirudishie, nisije nikawa nimesahau kitu." Mzigo wa lawama unabaki kwako, na kijana haoni aibu. Anza na wewe mwenyewe: mzee wa stoo akikupa hesabu, mrudishie.

Hatua ya 4: Kikao cha asubuhi

Dakika 10, mmesimama, salamu zimekwisha, mashine haijawashwa. Kinu kikishaunguruma hakuna kikao, na mvua ikipiga bati sogeeni karibu au ingieni stoo. Juni na Julai simameni juani, la sivyo baridi itawafanya wakubali chochote ili kiishe.

Kila mtu apewe dakika moja au pungufu, kulingana na idadi yenu: jana nini kilikwama, leo una kazi gani, unahitaji nini na kwa nani. Aanze mdogo kazini, bosi awe wa mwisho. Bosi akitangulia, wengine watapigia mstari alichosema.

Fundi akisema "mkanda unateleza", usimjibu "si nilikwambia". Uliza: "Tangu lini? Ukiwa na mzigo au hata mtupu?" Kisha nyamaza, mwache amalize. Ukimfokea leo, mkanda ukianza kuchanika hatakwambia, utauona umekatika. Wawili wakianza kubishana, wamalizane baada ya kikao.

Vibarua wanaokuja baadaye hukosa haya yote. Msimamizi awape agizo upya, nao warudie.

Hatua ya 5: WhatsApp na ubao

Kundi moja liwe la maagizo tu. Misiba, pole na vichekesho viwe na kundi lake. Maagizo yaandikwe, maana sauti iliyorekodiwa haisikiki kando ya mashine na huwezi kuipitia kwa jicho. Kidole gumba si jibu: mtu aandike kiasi na saa. Kwa wasio na simu janja, ubao na chaki mlangoni vinatosha.

Soga ya Kinyakyusa au Kisafwa haina ubaya. Agizo liwe la Kiswahili, maana Mhehe aliyesimama pembeni naye ana sehemu yake.

Hatua ya 6: Wiki ya tano

Fungua daftari tena kwa wiki moja. Makosa ya kipimo yakiwa bado yapo, rudini hatua ya 2. Kama watu wanarudia maagizo kikasuku, ongeza swali moja mwishoni: "Mifuko isipotosha, utafanyaje?"