SOMO: Kasule ya Castelnaudary, na kwa nini maharage yako yanagoma au yanageuka uji

Wakuu, swali la maharage limeulizwa mno humu. Naliweka somo zima sehemu moja. Someni hadi mwisho kabla ya kuuliza.

Kasule (Wafaransa huandika cassoulet) ni maharage meupe na nyama, vinavyookwa polepole kwenye bakuli la udongo. Kwao ni Languedoc, kusini mwa Ufaransa, na miji mitatu inaigombania: Castelnaudary, Carcassonne na Toulouse. Hii ni ya Castelnaudary, mji wenye chama cha kuitunza kasule tangu 1970.

Kwa watu 4: maharage meupe makavu gramu 400, mapaja 2 ya bata wa konfi (bata aliyepikwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta yake), soseji 4 za nguruwe mtupu za gramu 80 kila moja, nyama ya bega la nguruwe gramu 200, ngozi ya nguruwe gramu 250, mifupa ya kuku au ya nguruwe, kitunguu, karoti, kitunguu saumu, kipande kidogo cha mafuta ya nguruwe yaliyotiwa chumvi.

1. Loweka maharage usiku kucha kwenye maji baridi.

2. Asubuhi mwaga maji hayo. Weka mapya lita 3, chemsha dakika 5, mwaga tena.

3. Supu: maji lita 3, ngozi iliyokatwa vipande vipana, mifupa, kitunguu, karoti, chumvi, pilipili manga ya kutosha. Saa 1. Chuja, tunza ngozi.

4. Pika maharage ndani ya supu hiyo, kama saa 1. Hapa ndipo pishi linapoharibika. Maharage yaliyokaa ghalani miaka hayalainiki hata uyachemshe kutwa, kwa hiyo nunua ya msimu huu. Maji ya kisima yenye chokaa nayo huyakaza, kwa sababu chokaa hushikana na ganda. Tumia maji ya mvua au ya chupa yasiyo na madini mengi. Usitie nyanya, maana uchachu wake hukaza ganda vilevile. Na tafadhali, USITIE MAGADI. Magadi huivisha haraka, ndiyo, lakini ganda huvuliwa, na ndani ya oveni utabaki na uji wenye ladha ya sabuni. Moto uwe wa kutokota tu. Ukichemka kwa nguvu punje zinagongana na kupasuka. Chukua punje tano, zibonyeze kwa vidole: zikisagika bila kiini kigumu, na zilizobaki sufuriani bado ni nzima, epua. Zikiwa ngumu sasa, msitegemee oveni izimalizie.

5. Yeyusha mafuta ya konfi kikaangoni kwa moto mdogo. Toa bata, kata kila paja vipande viwili. Kwenye mafuta hayohayo kaanga soseji, kisha bega.

6. Chuja maharage, supu ibaki ya moto. Twanga kitunguu saumu na mafuta ya nguruwe ya uzito mara mbili yake, changanya na maharage.

7. Tandaza ngozi chini ya bakuli, theluthi ya maharage, nyama, maharage yaliyobaki. Soseji zizamishwe juu, migongo ionekane. Mimina supu hadi ifunike maharage tu, kisha kijiko cha mafuta ya bata.

8. Oveni nyuzi 150 hadi 160, saa 2 hadi 3. Utando wa kahawia ukijitokeza, uvunje kwa mgongo wa kijiko na uuzamishe taratibu bila kuponda maharage. Utando huo ndio unaoufanya mchuzi uwe mzito. Wazee wa kule husema mara 7, ila fuata utando, si hesabu. Ukiona juu kunakauka, ongeza vijiko vichache vya supu YA MOTO. Ya baridi inaweza kupasua bakuli. Wengine hunyunyiza chenga za mkate juu. Za nini? Castelnaudary hawaweki.

MASWALI

Mla_Bata: Maharage ya kopo yanafaa?
Jibu: Hapana. Yameshaiva. Soma tena hatua ya 4.

Kijana_Ilala: Mkuu nimefuata kila kitu, juu imeungua na chini ni maji. Oveni niliweka 220 iwahi.
Jibu: Basi hukufuata kila kitu. Hatua ya 8 inasema 150 hadi 160.

Bi_Tanga: Samahani, sisi nyumbani hatuli nguruwe. Ipo namna?
Jibu: Ipo dada, tena nzuri. Carcassonne huweka kondoo, kwa hiyo chukua bega la kondoo na soseji za kondoo au ng'ombe zisizo na unga ndani. Ngozi inatoa ule utomvu unaofunga mchuzi. Badala yake chemsha makongoro kwenye supu saa 3 au zaidi hadi ikinata vidoleni. Kitunguu saumu twanga na mafuta ya bata.

Fundi_Vyungu: Kwa nini bakuli lao lina mdomo mpana na kitako chembamba?
Jibu: Swali zuri. Mdomo mpana unatoa utando mwingi. Bakuli hilo huitwa kasole (cassole), na jina la chakula limetoka hapo. Kijiji cha Issel, jirani na Castelnaudary, kinajulikana kwa kufinyanga mabakuli hayo. Chungu chetu kinafaa kama kimeshazoea moto; kiingize oveni ikiwa bado baridi.

Bi_Tanga: Konfi haiuzwi huku. Naitengenezaje?
Jibu: Chumvi gramu 20 kwa kilo ya mapaja, friji usiku mmoja, futa chumvi. Yazamishe kabisa kwenye mafuta, nyuzi 90, saa 3 au hadi nyama iachie mfupa. Hifadhi kwenye friji yakiwa yamefunikwa na mafuta, usiyaache mezani.

Mla_Bata: Mafuta yanayobaki?
Jibu: Kaangia viazi vya vipande vyembamba, mwishoni tia kitunguu saumu na parsley. Ndivyo wanavyofanya Sarlat, mji wa kusini-magharibi mwa Ufaransa. Na kasule ya jana ipashe kwa nyuzi 150, saa 1 na nusu, na supu kidogo juu.