Mkienda Jozani na watoto, msiishie kwa kima punju

Jamani mnaopeleka watoto Jozani, ule msitu wa hifadhi kule Unguja, mkishapiga picha za kima punju msikimbilie gari, endeni mpaka kwenye ile njia ya mbao ya mikoko, na mwende maji yakiwa yamekupwa ndo mtaiona mizizi vizuri. Muombeni mtembezaji awaonyeshe mchu, aina mojawapo ya mikoko, mtoto apitishe kidole juu ya jani halafu alambe, chumvi! Mti unafyonza maji ya bahari, chumvi inayozidi unaitoa kwa majani, ila mvua ikiwa imenyesha inakuwa imeoshwa. Na vile vijiti vilochomoza matopeni ni mizizi ya kupumulia, tope lile halina hewa. Majani msichume lakini, pale hifadhi, na kima msiwape chakula kabisa.