Meza ya katikati ya jikoni: mbao mchanganyiko zinahitaji nafasi ya kusogea

Ukikusudia kujitengenezea meza ya katikati ya jikoni kwa mbao za aina mbalimbali, tuseme fremu ya saiprasi na bao la juu la mvule lililounganishwa na vipande vya mkangazi, shughulikia unyevu wa mbao kabla ya kufikiria rangi zake. Mbao ulizonunua katika soko la Gikomba, Nairobi, zipange ndani ya nyumba kwa wiki 3 au zaidi, ukizitenganisha kwa vijiti ili hewa ipite pande zote.

Ubao hutanuka na kunywea kwa upana wake, ilhali urefu wake karibu haubadiliki, na kila aina ya mti hufanya hivyo kwa kiwango chake. Ndiyo maana vipande vyote vya bao la juu sharti nyuzi zake zielekee upande mmoja, na gundi ipakwe baina yao tu, kamwe isigusane na fremu. Bao lililobanwa kabisa linaweza kupasuka katika ukavu wa Januari na Februari, au kubinuka masika yakiingia. Katika fremu, toboa matundu marefu kidogo kuliko unene wa skrubu, yakifuata upana wa bao, kisha kaza skrubu kwa kiasi ili bao liweze kusogea.

Mafuta ya kitani yapakwe juu na chini kwa usawa. Wengi husahau upande wa chini, nami nauona huo kuwa uzembe unaoharibu kazi nzuri. Vitambaa vilivyolowa mafuta hayo vitandaze nje vikauke, kwa kuwa vikirundikwa vinaweza kushika moto vyenyewe.