Jinsi ya Kuamua Iwapo Timu ya Besiboli Imtoe Mrushaji Wake Nyota wa Mwisho Ili Ipate Chipukizi

Kila mwaka, mwezi Julai unapoelekea ukingoni na dirisha la kubadilishana wachezaji katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani, MLB, linapokaribia kufungwa, timu zilizo nyuma katika msimamo hukabiliwa na uamuzi mgumu: zibaki na mrushaji wao bora wa kumaliza mchezo, au zimtoe kwa timu inayowania ubingwa na kupokea vijana ambao bado wanacheza katika ligi za chini. Mwongozo huu unaeleza namna ya kulipima jambo hilo. Msimamo wangu ni kwamba uamuzi uongozwe na mwaka ambao timu yenyewe itakuwa na uwezo wa kuwania ubingwa, wala usiongozwe na sifa za mrushaji, hata zikiwa kubwa kiasi gani.

Kwa msomaji aliyezoea soka, yafaa kueleza kwamba katika besiboli ya Marekani hakuna ada ya uhamisho tunayoifahamu. Timu hulipana kwa wachezaji, pengine pamoja na fedha za kuchangia mishahara. Mrushaji ni yule anayemtupia mpira mpigaji wa timu pinzani, na mrushaji wa mwisho ndiye anayeingizwa katika kipindi cha tisa, ambacho kwa kawaida ndicho cha kumalizia, timu yake ikiwa inaongoza kwa pointi chache, ambazo kwa kawaida hazizidi tatu, na akiulinda ushindi huo huhesabiwa kuwa ameokoa mchezo. Hesabu hiyo imekuwa takwimu rasmi tangu mwaka 1969, na anayeongoza katika historia ni Mariano Rivera wa New York Yankees, aliyeokoa michezo 652.

Anza kwa kuupima mchango wake halisi. Msimu una michezo 162 ya vipindi tisa, yaani takriban vipindi 1,458, na mrushaji wa mwisho hurusha vipindi kama 60 hadi 70 tu, chini ya asilimia tano ya kazi yote. Asilimia hiyo isikudanganye, kwa sababu vipindi hivyo ndivyo vyenye uzito mkubwa kuliko vingine vyote katika timu inayoshinda mara kwa mara. Lakini timu inayopoteza michezo 95 kwa mwaka haina ushindi mwingi wa kulindwa, na nyota wake hukaa siku kadhaa bila kuhitajika. Katika hatua ya mtoano mambo hugeuka, kwa kuwa siku za mapumziko huwa nyingi na kocha anaweza kumtumia mara nyingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 2016 Andrew Miller aliirushia Cleveland vipindi 19 na theluthi katika mtoano, akawatoa wapigaji 30 kwa mirusho mitatu waliyoshindwa kuipiga ipasavyo, na akachaguliwa mchezaji bora wa fainali ya American League, moja ya ligi mbili zinazounda MLB. Mtu yuleyule, basi, ana thamani ndogo kwa timu ya chini na thamani kubwa mno kwa timu ya juu, na ni katika tofauti hiyo ndipo biashara yenye manufaa kwa pande zote mbili inapozaliwa.

Baada ya hapo, ukubali ukweli kuhusu timu yako. Tangu mwaka 2022 timu 12 huingia hatua ya mtoano, sita kutoka kila ligi, na jambo hili limewafanya viongozi wengi waendelee kutumaini hata pale ambapo matumaini hayana msingi. Usijiulize tu kama timu inaweza kuingia mwaka huu. Jiulize kama wachezaji wake wakuu watakuwa katika ubora wao mwaka huu, mwakani, au miaka mitatu ijayo. Ikiwa jibu ni miaka mitatu ijayo, mrushaji wa mwisho mwenye umri wa miaka 29 hatakuwa sehemu ya ushindi huo, na kila mwezi unaobaki naye ni thamani unayoipoteza.

Kisha usome mkataba. Mchezaji huwa chini ya timu yake kwa miaka sita ya utumishi katika ligi kuu kabla ya kuwa huru. Katika ile ya mwanzo, kwa kawaida mitatu, hulipwa karibu na kima cha chini, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000, na baada ya hapo mshahara wake hupanda kwa njia ya usuluhishi, yaani wasuluhishi huamua kiasi pale yeye na timu wasipoafikiana. Mrushaji aliyebakiwa na miaka miwili au mitatu huleta malipo makubwa kuliko aliyebakiwa na miezi miwili. Ni kweli kwamba Yankees walimtoa Aroldis Chapman kwa Chicago Cubs tarehe 25 Julai 2016, mkataba wake ukiwa unakwisha msimu huohuo, wakapokea wachezaji wanne akiwemo Gleyber Torres, aliyekuja kupiga mipira 38 nje ya uwanja mwaka 2019. Lakini Cubs hawakuwa wametwaa ubingwa tangu mwaka 1908, na walikuwa tayari kulipa chochote. Waliupata ubingwa huo, na Desemba ya mwaka huohuo Chapman akarudi Yankees kama mchezaji huru. Usitegemee kumpata mnunuzi wa namna hiyo kila mwaka. Angalia pia kama mchezaji ametimiza miaka kumi katika ligi kuu, mitano ya mwisho akiwa na timu hiyohiyo, kwa sababu hapo ana haki ya kuukataa uhamisho.

Jambo linalopuuzwa zaidi, na ambalo naliona kuwa zito kuliko yote, ni udhaifu wa mwili wa mrushaji. Mwaka 2016 Zack Britton wa Baltimore Orioles alipata nafasi 47 za kuokoa mchezo na akaokoa yote 47, huku wastani wa pointi alizoruhusu kwa kila vipindi tisa ukiwa 0.54. Thamani ya mrushaji wa mwisho haiwezi kupanda zaidi ya hapo. Orioles walikuwa na sababu ya kubaki naye, kwani waliingia hatua ya mtoano, ingawa katika mchezo wao pekee wa hatua hiyo, huko Toronto, kocha hakumwingiza kabisa na timu ikafungwa katika kipindi cha 11. Mwaka 2017 Britton alikosa sehemu ya msimu kwa jeraha la mkono, timu ikamaliza ikiwa imeshinda michezo 75 na kupoteza 87, na dirisha la Julai likafungwa yeye akiwa bado Baltimore. Desemba kano yake ya kisigino ilikatika akiwa mazoezini. Alipokwenda Yankees hatimaye, Julai 2018, Orioles walipokea warushaji watatu, Dillon Tate, Cody Carroll na Josh Rogers, ambao hakuna hata mmoja wao aliyekuwa nyota, na msimu huo timu ilipoteza michezo 115. Sidhani kwamba kumtoa Britton mapema kungeiokoa Baltimore, lakini kungefupisha njia yake ya kujijenga upya.

Mkono si hatari pekee. Edwin Díaz wa New York Mets aliumia goti Machi 2023 akishangilia ushindi wa timu ya taifa lake, Puerto Rico, akakosa msimu mzima. Kwa hiyo, ukishaamua kwamba timu haiko tayari, usisubiri mwaka mmoja zaidi kwa matumaini kwamba bei itapanda. Kwa mrushaji aliye katika kilele chake, bei ina nafasi ndogo ya kupanda na nafasi kubwa ya kuporomoka.

Katika kuchagua malipo, omba mchezaji mmoja wa daraja la juu kabisa badala ya majina manne yanayojaza karatasi. Novemba 2015 San Diego Padres walimtoa Craig Kimbrel kwa Boston Red Sox na kupokea vijana wanne, Manuel Margot, Javier Guerra, Carlos Asuaje na Logan Allen. Margot alidumu kwa miaka mingi katika ligi kuu, lakini hakuna aliyebadilisha mustakabali wa timu, ilhali Kimbrel alikuwa Boston ilipotwaa ubingwa mwaka 2018. Hata mmoja wa daraja la juu si uhakika: Jarred Kelenic, kijana aliyetarajiwa sana katika biashara iliyompeleka Díaz kutoka Seattle kwenda New York Desemba 2018, hakufikia matarajio hayo. Binafsi naelekea kwa wapigaji kuliko warushaji, kwa kuwa kijana mrushaji anabeba hatari ileile ya mwili ambayo wewe unajaribu kuikimbia.

Usidharau vipande vidogo, hata hivyo. Atlanta Braves walipomtoa Kimbrel huyohuyo kwa Padres Aprili 2015, walipokea pia nafasi ya 41 katika uteuzi wa vijana wa mwaka huo, ambapo timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, wakamchagua Austin Riley, aliyekuwa nguzo yao walipotwaa ubingwa mwaka 2021. Julai 1997 Seattle Mariners walimchukua Heathcliff Slocumb, ambaye hata hakuwa na msimu mzuri, wakawapa Boston vijana wawili, Derek Lowe na Jason Varitek. Wote wawili walikuwa kikosini Boston ilipopata ubingwa wa 2004, wa kwanza tangu 1918. Mnunuzi aliyeingiwa na hofu ya kipindi cha tisa hutoa zaidi ya inavyostahili.

Epuka kumfunga nyota wako pamoja na mkataba mzito unaotaka kuuondoa. Braves walimwambatanisha Melvin Upton Jr. na Kimbrel, na Seattle wakamwambatanisha Robinson Canó na Díaz. Fedha huokolewa kwa njia hiyo, lakini sehemu ya thamani ya mrushaji hutumika kulipia deni badala ya kununua kipaji. Timu inayojijenga ina uhaba wa vipaji kuliko wa fedha, hivyo mikataba mibaya na iachwe iishe yenyewe.

Kuhusu nani atakayechukua nafasi yake, hofu mara nyingi huwa kubwa kuliko tatizo. Rivera, Britton na Andrew Miller wote walianza kama warushaji wa mwanzo wa mchezo kabla ya kuhamishiwa mwishoni, na karibu kila timu ina kijana mwenye mkono wenye nguvu ambaye hawezi kuhimili vipindi sita lakini anaweza kimoja. Pale ambapo timu inawania ubingwa mwaka huu na mwakani, uamuzi huwa mwepesi: abaki. Pale ambapo iko katikati, weka bei yako mapema, iandike, na uwe tayari kumwacha kama hakuna anayeifikia, kwa sababu majira ya baridi soko hufunguka tena na hata timu zilizomaliza chini huingia kununua.

Timu ya Athletics ilifanya hivyo tarehe 31 Julai 2025. Mrushaji wao wa mwisho, Mason Miller, alikuwa bado chini yao hadi mwisho wa mwaka 2029, hivyo hawakuwa na haraka yoyote. Walimtoa yeye na mrushaji mwenzake JP Sears kwa Padres pale tu walipopewa Leo De Vries, mchezaji wa miaka 18 aliyehesabiwa miongoni mwa chipukizi bora wa mchezo mzima, pamoja na warushaji watatu. Meneja mkuu anayekwenda mezani na ajue jina la De Vries wake kabla hajapokea simu ya kwanza, na awe amezungumza na timu nyingine angalau mbili zinazomhitaji mrushaji huyohuyo.