Kuosha na kupaka nta sanamu ya bronzi ya kumbukumbu ya vita

Lengo hapa si kuing'arisha. Ile rangi ya kahawia au kijani ni utando uliotiwa makusudi kwa kemikali na moto, kisha ukakomaa kwa hewa na mvua. Ukiusugua mpaka metali ing'ae kama dhahabu, umeichuna sanamu ngozi, na kuirudisha ni kazi ya fundi maalumu. Kwa hiyo brashi ya waya, dawa ya kung'arishia shaba, dawa ya madoa yenye klorini na mashine ya maji ya presha zibaki stoo.

Pata kwanza kibali cha mamlaka ya bustani, kisha piga picha kila upande. Pima kwa sumaku: bronzi ni shaba iliyochanganywa na bati au metali nyingine, hainasi. Ikinasa, huenda ni chuma kilichopakwa rangi, na maelezo haya hayakihusu. Ikinasa sehemu moja tu, mguuni kwa mfano, kuna nondo ndani.

Funika kitako cha jiwe kwa plastiki. Changanya kijiko kimoja cha mezani cha sabuni laini ya maji, isiyo na asidi wala magadi, kwa lita 5 za maji. Mavi ya ndege yaliyokauka yafunike kwa kitambaa kibichi dakika kumi yalainike. Ukiyakwangua makavu, punje zake hukwaruza utando. Osha kwa brashi ya nyuzi laini kuanzia chini kwenda juu, kwa sababu maji machafu yakitiririka juu ya sehemu kavu huacha michirizi. Suuza kuanzia juu kwenda chini, mpaka povu liishe kabisa.

Usisahau matundu ya kutolea maji, ambayo mara nyingi yako karibu na nyayo. Yazibue kwa kijiti cha mti. Yakiziba, maji hukaa ndani, nondo hupata kutu, kutu huvimba, na bronzi hupasuka. Baadhi ya nyufa zinazodhaniwa ni za uzee huanzia hapo.

Acha ikauke siku nzima isiyo na mvua. Nta ikipakwa juu ya unyevu hugeuka nyeupe kama maziwa. Tumia nta ya maikrokristali, yaani nta ya petroli yenye fuwele ndogo sana. Ya magari mara nyingi ina chembe za kusugulia. Subiri jua liipashe metali joto kidogo, lakini kiganja kiweze kutulia juu yake. Paka tabaka jembamba kwa brashi, ngoja dakika 15 hadi 20, futa kwa kitambaa cha pamba, kisha rudia mara moja. Kwenye mikunjo ya nguo na herufi za majina paka kidogo sana, maana nta nene hunasa vumbi.

Michirizi ya kijani kwenye marumaru au jiwe la chokaa usiitie siki wala asidi yoyote: jiwe lenyewe litalika.

Ukiona vidoa vya kijani mpauko vyenye unga, vinavyorudi hata baada ya kuoshwa, simamisha kazi. Hiyo ni chumvi ya klorini inayokula metali, na nta haiizuii. Mwite mhifadhi, yaani mtaalamu wa kutunza sanamu na vitu vya kale.

Kwa kawaida mara moja kwa mwaka inatosha. Karibu na bahari, osha mara mbili. Nyunyiza maji: yakijikusanya matone, nta ipo, yakitandaa, imekwisha.